Asali ya Sadaka

Kila Jumapili baada ya baraka, Mutie aliuza kuku wa Mungu. Waumini wasiokuwa na shilingi walileta walichokuwa nacho, mayai, fungu la pojo, kibuyu kipya, jogoo aliyefungwa miguu kwa uzi wa katani, na ibada ikiisha vitu hivyo vilitolewa nje kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa vikapigwa mnada. Mutie alikuwa shemasi, tena fundi mwashi, mtu wa timazi na pima maji siku sita za juma. Ya saba alikuwa mdomo tu. Aliweza kumuuza kuku mgonjwa kwa bei ya mbuzi, na mnunuzi akaondoka akicheka.

Jumapili ile ya mwezi wa kumi, 1984, hakukuwa na kuku wa kuuza. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili, na kusini yote ya Kitui watu walikuwa wakila mahindi ya manjano ya serikali. Juu ya meza palikuwa na mayai manne, kikapu kimoja na chupa ya asali. Hiyo asali ndiyo iliyowazuia watu kwenda zao. Nyuki walikuwa wamehama tangu Juni, na mzee wa kanisa Jonah, mwenye mizinga kule chini mtoni, ndiye peke yake aliyebahatika kupata chupa moja. Alikuwa ameitoa sadaka, na alikuwa amehakikisha kila mtu anajua.

"Ishirini na tano!" Mutie aliita, akiinua chupa juani. "Ishirini na tano mara ya kwanza! Ndugu zangu, tazameni rangi hii. Hata Sulemani kwa utajiri wake angeomba kuonjeshwa!"

Watu walicheka kwa uchovu. Saa saba ilikuwa imepita. Mhubiri mgeni kutoka Machakos alikuwa amehubiri mpaka matumbo ya watoto yakaanza kumjibu.

Kavata, binti mkubwa wa Mutie, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Saa kumi na mbili asubuhi baba yake alikuwa amemdunga insulini, kama alivyomdunga kila asubuhi kwa miaka miwili tangu hospitali ya misheni iseme kwamba mtoto ana ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watoto na usiowaachia. Mutie alivuta dawa hadi mstari wa ishirini, si chini wala juu. Baada ya sindano Kavata alikunywa nusu kikombe cha uji, kwa sababu unga ulikuwa unakwisha na mama yake alikuwa akiupima kwa kijiko. Dawa ilikuwa ileile ya siku za shibe. Uji haukuwa uleule.

Sasa msichana alitoka katikati ya wenzake akaja mezani akiyumba, kola ya gauni imelowa jasho.

"Nipe hiyo," alisema.

"Rudi kwa mama yako," Mutie alimjibu chini chini, bado akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Nipe! Wewe mchoyo. Mchoyo wewe! Hata Mungu mwenyewe unamnyima!"

Kicheko kilikatika. Kavata hakuwa mtoto wa kujibu wakubwa, na hilo ndilo lililowashangaza zaidi. Kabla baba yake hajapata neno, alimpokonya chupa, akang'oa kizibo cha gunzi kwa meno na kunywa. Asali ilimtiririka kidevuni ikashuka kwenye gauni lake la kanisani. Mbele ya mchungaji, mbele ya mhubiri mgeni, mtoto wa shemasi alikuwa akinywa sadaka.

Mutie alimnyang'anya chupa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulimpiga kofi.

Halikuwa kofi kubwa. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi, na kila alipojiambia hakujiamini. Kavata alianguka chali, macho yakageuka weupe, miguu ikaanza kurusha vumbi.

"Ni pepo!" mwanamke mmoja alipiga kelele. Wengine walikuwa tayari wamenyoosha mikono na kukemea. Mzee Jonah aliiokota ile chupa iliyomponyoka Mutie, ikiwa imebaki nusu, akaipangusa kwa leso yake.

Aliyekuja mbio hakuwa wa kanisa lile. Alikuwa Sauda, mke wa Abdulkadir mwenye duka ng'ambo ya barabara, buibui yake ameikusanya mkononi ili asijikwae. Alipiga magoti akamgusa Kavata shingoni.

"Jasho la baridi," alisema. "Huyu si pepo. Huyu sukari imemwishia. Mamangu kule Mombasa anao ugonjwa huu, akichelewa kula baada ya sindano huwa hivi hivi. Leteni hiyo asali, mpakeni kwenye ufizi. Haraka!"

"Hapana!" Mutie alisimama katikati. "Huyu amekatazwa sukari na daktari. Unataka kumuua?"

"Daktari gani huyo ambaye hakuwaambia habari hii?"

Mutie hakuondoka katikati. Alikuwa ameambiwa. Mwezi wa tano, kwenye chumba cha nesi, alikuwa ameambiwa neno kwa neno.

Ndinda, mkewe, hakungoja majibu. Katika miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kumgusa mumewe mbele za watu, lakini siku hiyo alimsukuma kwa bega akapita. Alimpokonya mzee Jonah chupa, akatia vidole viwili ndani, akaipaka asali mdomoni mwa mwanawe, ndani ya mashavu, juu ya ufizi, tena na tena. Wale waliokuwa wakikemea pepo walinyamaza mmoja mmoja.

Ilichukua muda wa wimbo mmoja mrefu. Kisha miguu ilitulia, na Kavata akafumbua macho. Alimwona mama yake, akaona na duara la watu na gauni lake lililonata vumbi.

"Mwaitu," alimwita mama yake. "Nimefanya nini?"

Nthenya, mdogo wake wa miaka minane, alikuwa amejificha nyuma ya meza ya mnada akilia bila sauti, na hakuna aliyemwona.

*

Jumanne jioni wazee walikuja. Walikuwa wawili, Jonah na Nzuki, na waliketi kwenye viti viwili vyenye mito ya kushonwa. Ndinda aliwaletea chai. Jonah alionja akaweka kikombe chini.

Kijiji kizima kilijua chai ya kwa Mutie. Tangu Kavata augue, sukari haikuwa imevuka kizingiti cha nyumba ile. Siku ya kwanza tu Mutie alikuwa ametangaza kwamba kama mtoto hali, hakuna atakayekula, awe mgeni au mwenyeji. Watu walimsifu kwa hilo. Alisifiwa hata mimbarini, na hakuchukia kusifiwa.

"Shemasi," Jonah alianza, "hatukukuja kwa ubaya. Ugonjwa tunajua ni ugonjwa. Lakini ile asali ilikuwa imeshaombewa. Ilikuwa kitu ya Mungu. Na mtoto amekutukana mbele ya kanisa. Sasa watu wanasema maneno mingi."

"Wanasema nini?"

"Ati wewe uko mbele kwa mnada, na nyumbani kwako hakuna adabu," Nzuki alisema. Alikuwa mtu mpole, na alisema hivyo akiangalia kofia yake. "Ati mtoto ananyimwa chakula."

Mutie alihisi masikio yanawaka. Kunyimwa! Yeye, aliyemchemshia mtoto sindano kila alfajiri! Yeye, aliyeweka insulini kwenye mtungi wa mchanga uliomwagiwa maji, watu wanne wakigawana debe moja la maji kwa siku!

"Tunaomba tu kama desturi yetu ilivyo," Jonah aliendelea. "Jumapili mtoto asimame mbele, atubu, aombewe, mambo yaishe. Mpaka hapo mnada tumempa Kilonzo aushike. Kwa muda tu."

Hapo ndipo Mutie angesema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Angesema, wazee wangu, mtoto hana kosa, nesi alinipa dawa ya siku kama ile na mimi nikaitupa. Ndinda alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi, akimtazama. Huenda kama wazee wangekuwa wameendelea kuongea, angepata ujasiri. Lakini walinyamaza wakimngoja, na mtu aliyezoea kusikilizwa akicheka na watu hajui la kufanya na kimya.

"Atasimama," Mutie alisema.

Wazee waliomba, wakaaga. Chai yao ilibaki vikombeni. Kwenye jiko la nje, nyuma ya ukuta mwembamba wa udongo, Kavata alikuwa akipepeta mahindi ya manjano, na ungo wake ulikuwa umesimama tangu jina lake litajwe.

*

Asubuhi ya Jumatano Mutie alichemsha bomba la sindano kwenye sufuria ndogo kama kawaida, akafukua chupa ya insulini mchangani, akaingia chumba cha wasichana.

"Leta mkono."

Kavata alikuwa ameketi kitandani, ameukunja mkono ndani ya blanketi. "Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sindano. Sitaki tena, Baba."

Mutie alifikiri amesikia vibaya. Miaka miwili mtoto huyu alikuwa akinyoosha mkono kabla hajaitwa. "Kavata, usinichezee. Wajua usipodungwa utakufa?"

"Najua." Alisema polepole, kama mtu aliyekesha na jambo lake akalipanga. "Na nikidungwa nakuwa mwizi. Mkono wako ulinidunga asubuhi, mkono huohuo ukanipiga saa saba. Sasa mnataka nisimame Jumapili niseme nimeiba. Mimi hata sikumbuki, Baba. Nakumbuka mhubiri, halafu nakumbuka vumbi. Nitatubu kitu sikumbuki?"

"Ni desturi tu. Ni dakika moja."

"Basi simama wewe."

Alisema bila hasira, akijibu tu, na Mutie akahisi kama ameguswa pale pale penye kidonda. Alijikuta akipandisha sauti. Aliamuru, akatisha, akabembeleza, akataja Mungu na amri ya tano. Kavata aligeukia ukutani. Angeweza kumshika kwa nguvu, alikuwa na mikono ya kubebea mawe. Hata alimshika bega, na Kavata akatetemeka mwili mzima chini ya vidole vyake. Mutie aliuondoa mkono akarudi nyuma.

Nje, Ndinda alikuwa amesikia yote. "Nipe hiyo sindano," alisema. "Nifundishe, nimdunge mimi."

"Wewe? Mikono yako itatetemeka."

"Miaka miwili nimekuomba unifundishe. Kila siku wasema mikono yangu itatetemeka." Alifunga leso kichwani. "Sawa. Mimi naenda hospitali kumuuliza nesi, Sista Muthoki."

"Ni mwendo wa saa tatu, na jua hili! Huyo Sista atakuambia nini?"

Aliliuliza haraka mno. Ndinda alisimama kidogo akamtazama, kisha akachukua kibuyu cha maji na kwenda zake.

Siku ile Mutie hakwenda kazini. Alikaa kwenye kigogo nje ya mlango akisikiliza. Kufika saa tano Kavata alikuwa amemaliza maji ya mtungini na anaomba mengine. Saa saba alitoka mara ya tano kwenda chooni, amejishika ukuta. Saa nane alitapika. Mutie alimletea maji, na Kavata akakipokea kikombe bila kugusa vidole vyake, akanywa, akasema asante Baba. Ile asante ilimuuma kuliko tusi la Jumapili.

Nthenya hakwenda shule wala kucheza. Alikaa miguuni mwa kitanda cha dada yake. Baba yake alipomwambia atoke nje apate hewa, alitikisa kichwa.

"Akikufa nikiwa nje?" aliuliza.

*

Ndinda alirudi saa tisa na nusu, vumbi hadi magotini. Hakusalimia. Alipita moja kwa moja kwenye kona walipoweka vifaa vya ufundi, akachukua kopo la bati ambamo Mutie aliweka misumari ya inchi mbili. Alilimimina mezani, misumari yote, ikatawanyika na mingine ikaanguka chini. Kisha akalisimamisha kopo tupu mbele ya mumewe.

"Sista Muthoki analo kama hili mezani kwake," alisema. "Kama hili kabisa, lina picha hii ya mtoto mnene. Nikamwambia, Sista, hata sisi tuko nalo nyumbani, Baba Kavata anaweka misumari. Akaniuliza, na glukosi iliyokuwa ndani mlimaliza lini?"

Mutie aliangalia misumari.

"Nikamwambia sijawahi kuona glukosi. Akatoa kitabu chake. Mwezi wa tano, tarehe kumi na nne. Umetia sahihi. Akasema alikueleza nusu saa nzima. Mtoto akitetemeka, akitoka jasho, akiongea ovyo kama mlevi, mpe vijiko viwili kwa maji, mara moja. Na chakula kikipungua, dawa ipunguzwe, umlete apimwe. Akasema alikuambia, fundisha mama yake, fundisha na mtoto mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Iko wapi, Baba Kavata?"

"Labda ili..." Mutie alianza. Alitaka kusema ilimwagika njiani. Uongo ulikuwa tayari, mfupi na wenye kuaminika. Lakini kupitia pazia alimsikia Kavata akitapika tena, na uongo ule ukamshinda kuutoa.

"Niliimwaga," alisema. "Kwa korongo, pale tunapovukia. Niliionja, nikaona ni sukari tupu. Nikasema, miaka miwili nimepigana na kitu hiki kisiingie kwangu, leo nikibebe kwa mkono wangu? Nikaona wamekosea. Au wanatujaribu. Nikasema mtoto akijua kuna utamu wa kutetemekea, atatetemeka kila siku."

"Na kopo ukalileta."

"Lilikuwa kopo zuri," Mutie alisema, na aliposikia maneno yake mwenyewe alijiinamia.

Ndinda aliketi. Alionekana mzee. "Miaka miwili tumekunywa chai ya uchungu ili watu waseme Mutie anampenda mtoto wake," alisema. "Sista ameniambia si lazima. Sisi tungekunywa tu na sukari yetu, yeye akanywa yake bila. Hakuna mtu alituambia tujifunge hivyo. Ni wewe." Alijipangusa uso kwa ncha ya leso. "Amesema jua lisizame bila sindano. Mtoto akikataa, tumfunge kwa mkokoteni tumpeleke. Mimi sitamfunga mtoto wangu. Mwenye kumfunga ndiye amfungue. Ingia uongee naye."

*

Mutie aliingia. Kavata alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, na pumzi yake ilikuwa na harufu ya matunda yaliyolala. Nthenya alikuwa palepale miguuni. Mutie hakujua aketi wapi, akaishia kuketi sakafuni.

Alisimulia. Hakusimulia vizuri, yeye aliyejulikana kwa mdomo. Aliruka mambo, akarudi nyuma, akataja korongo mara tatu. Alisema ile Jumapili, Sauda alipouliza ni daktari gani, alikumbuka kila neno la nesi na bado akasimama katikati. Alisema alikubali wazee wamsimamishe mtoto mbele kwa sababu aliogopa kusimama yeye.

"Kwa hivyo," Kavata alisema alipomaliza, "sikuwa na pepo."

"Hapana."

"Wala si mwizi."

"Hapana, mwanangu. Ulikuwa unatafuta dawa yako. Mimi ndiye nilikuibia. Jumapili nitasimama niliseme hilo, hata wakinitoa ushemasi."

"Hata mimi nimeiba!"

Ilikuwa sauti ya Nthenya, na ilitoka kubwa hata Ndinda akafunua pazia. Mtoto alikuwa amesimama, ngumi zimekazwa, kamasi zinamtoka.

"Ni mimi! Nilikuwa na peremende ya Kavata! Kila siku huwa nafagia kwa Mama Sauda ananipa moja, naweka kwa soksi. Akianza kutetemeka tukienda shule nampa. Akila anapona. Mimi sikusema juu Baba angetuchapa. Jumapili nilikuwa nayo moja." Alishikwa na kwikwi. "Huyo mgeni aliongea sana. Nikasikia njaa. Nikaila, Kavata. Niliila yako. Halafu ukaanguka."

Mtoto wa miaka minane, bila nesi wala kitabu cha kutia sahihi, alikuwa ameona alichokataa kuona yeye, na kwa miezi alikuwa amemshikilia dada yake kwa peremende za kufagilia. Na kwa sababu ya hofu ya mkono wa baba yake, tangu Jumapili alikuwa amekaa na siri ile akijiona muuaji. Dhambi yake mwenyewe Mutie angeweza kuibeba. Hii nyingine, iliyomwagikia kwa mtoto, hakujua aishike wapi.

Kavata alijiinua kwa kiwiko. "Njoo," alimwambia mdogo wake.

"Utakufa?"

"Njoo hapa, nimesema. Ile peremende ilikuwa yako. Wewe ndiye ulifagia."

"Lakini ukikufa itakuwa ni mimi."

Kavata alimtazama mdogo wake. Kila mtu mle ndani aliona kitu kikibadilika usoni mwake, ingawa hakuna aliyeweza kukieleza. Ilikuwa rahisi kumwachia baba yake kifo. Lakini Nthenya alikuwa na miaka minane, na angeishi nacho mpaka uzeeni.

"Sifi," alisema. "Baba, lete sindano. Lakini sitaki mkono wako."

"Sileti mkono," Mutie alisema akiinuka. "Naleta mguu."

Alichemsha sindano upya. Alirudi na sufuria na kikombe cha maji yaliyochemshwa, akaketi kwenye kigoda mbele ya kitanda, akapandisha mguu wa suruali hadi pajani. Paja lake lilikuwa jeupe kuliko muundi, na Nthenya alilishangaa.

"Vuta maji hadi mstari wa tano. Toa hewa. Sasa kunja ngozi, hivi. Choma," alimwambia Kavata.

Mkono wa Kavata ulikuwa dhaifu. Mara ya kwanza alichoma kwa hofu, sindano ikaingia nusu na kutoka, na damu ikafuata. "Tena," Mutie alisema. Mara ya pili aliichoma upande. Mara ya tatu aliichoma kwa nguvu iliyokuwa na mengine ndani yake zaidi ya mafunzo, akamtazama baba yake machoni alipokuwa akiisukuma. Mutie alikaza meno. "Hivyo," alisema. "Hivyo ndivyo."

Ndinda naye alichukua zamu. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

Jua lilikuwa limeinama. Sindano ilichemshwa mara ya mwisho, na Kavata akavuta insulini mwenyewe, baba yake akitazama mstari bila kugusa. Sista alikuwa amemwambia Ndinda ile ya ishirini ipungue, na asubuhi wampeleke Kavata akapimwe. Walivuta hadi kumi na nne, kama alivyosema. Kavata alimwita mdogo wake aje amkunjie ngozi ya paja, na Nthenya akaikunja kwa vidole vyake vidogo, amefumba macho. Kavata alijidunga. Alisukuma polepole hadi mwisho, akatoa sindano, akaiweka kwenye sufuria.

Ndinda alienda kukoroga uji, na safari hii hakupima unga kwa kijiko.

Mutie aliteremsha mguu wa suruali, akakusanya vifaa. Alipofika kwenye pazia alishindwa kutoka. "Kavata," alisema, mgongo ukiwa umeelekea kwake. "Umenisamehe?"

Kavata alifikiri. Alikuwa mtoto mkweli, na baba yake ndiye aliyemfundisha kuwa hivyo.

"Bado, Baba," alisema. "Lakini kesho saa kumi na mbili uniamshe."